Aliyeitika Kabla ya Mama

Fundi cherehani alikuwa mwanamume wa miraba minne, ndevu zimemjaa kidevu kizima, kwa hiyo alipoitwa aamke baada ya kupasuliwa ngiri, haikuwa sawa hata kidogo kwamba aliyeitika alisema, "Abee."

Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyelelewa vizuri, anayeitwa kutoka chumba cha pili na hataki kumchelewesha anayemwita. Mwanafunzi aliyeshika barakoa ya gesi akageuka kumtazama Dada Mkasi, muuguzi wa thieta. Dada Mkasi alikuwa kona ya mbali amewapa mgongo, anahesabu vitambaa vyenye damu, na hakuwa mtu wa kuitika "abee" hata kwa mkwe wake. Mwanamke mwingine hakuwamo. Fundi mwenyewe bado alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Mwanafunzi huyu alikuwa binti wa mwaka wa nne wa udaktari, na pale thieta hakuna aliyejisumbua kujua jina lake. Wanafunzi wote waliitwa Daktari Kesho. "Daktari Kesho, sogea." "Daktari Kesho, umesimama kwenye waya." Alikuwa amepangiwa wiki nne za kujifunza kazi ya usingizi, ile ambayo watu mtaani huita nusu kaputi, chini ya mzee mmoja mkavu, mwenye ulimi mkali na macho yasiyopepesa. Huyo walimwita Mzee Pumzi. Siku ya kwanza kabisa alimpa sheria kabla hata ya kumsalimia.

"Mgonjwa akiwa wa kuamshwa, soma utepe mkononi mwake. Ita jina lililoandikwa. Mara tatu. Hapa hatumwamshi mtu kwa 'wewe', wala 'mzee', wala 'bosi', wala 'mpenzi'. Umenielewa, au nikuchoree?"

Alielewa, ila alidhani ni adabu tu, uzee wa mzee. Ijumaa ile Mzee Pumzi akatoka kidogo kujisaidia, fundi alikuwa mgonjwa wa tano tangu asubuhi, binti hajatia kitu tumboni, na utepe ulikuwa umefichwa na plasta za dripu. Jina likamtoka kichwani. Angeweza kubandua plasta, lakini akaona uvivu. Akampiga mgonjwa begani. "Wewe," akasema. "Wewe uliyelala hapo, amka. Amka, rudi."

Ndipo lile "abee" likaja.

Kisha mfuko ukajaa. Ni mfuko mweusi wa mpira unaoning'inia kwenye mashine, ule anaoubinya daktari wa usingizi kumpumulia mgonjwa, na wakati ule gesi ilishafungwa na hakuna uso wowote uliokuwa kwenye barakoa. Ukajaa taratibu, ukasinyaa, na kwenye kifundo cha mkono wa binti kukapita pumzi ya baridi yenye harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa sandukuni.

Dakika mbili baadaye fundi akafumbua macho. "Yule mama amekwenda wapi?"

"Mama gani, baba?"

"Tuliyegongana naye mlangoni. Kanisukuma, hana hata samahani."

Binti akacheka kidogo. Wagonjwa wa nusu kaputi husema mambo, wiki ile ile mmoja alikuwa amemposa daktari bingwa wa upasuaji mbele ya watu. Kwa hiyo akanyamaza. Na hata kama asingecheka angenyamaza, maana mwanafunzi akifungua mdomo thieta huulizwa maswali ishirini, na asipojua la tatu huambiwa akauze mchicha.

Jumatatu alirudi na adabu zake zote. Alisoma kila utepe, akaita kila jina mara tatu kama alivyofundishwa. Haikusaidia kitu. Kila alipoita, iwe jina la kiume au la kike, la kwanza kuitika lilikuwa lile "abee" nyuma ya sikio lake, jepesi, lenye haraka ya kupendeza, na mgonjwa ndiye aliyefuata. Mgonjwa wa kwanza alifuata baada ya dakika kumi. Wa tatu, dereva wa lori, alichukua dakika arobaini, na alipozinduka alikuwa analia machozi.

"Kuna foleni kule," alisema. "Kuna mwanamke kakaa mlangoni. Anasema kaitwa yeye, hampishi mtu."

Mzee Pumzi alimkodolea macho dereva, kisha akamkodolea Daktari Kesho. "Umewapa dozi ya tembo?"

"Hapana, dokta. Umepima mwenyewe."

"Najua nimepima mwenyewe," alisema mzee.

Nyumbani binti aliishi na mama yake, wawili tu. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa vicheko, lakini miaka miwili sasa alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingo, na lake lilikuwa limeota kwa ndani likabana njia ya hewa. Akipumua koo lilipiga mluzi mwembamba. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali alikabwa. Alhamisi ya wiki ile ile alikuwa apasuliwe, katika thieta ile ile.

Tangu binti aingie chuo cha udaktari, mama alikuwa na mzaha wake. Akiitwa tu, huitika kama mtoto darasani, "Abee, daktari wangu!" na kucheka mpaka mluzi unamkata. Binti alijifanya kuona aibu. Ukweli ni kwamba siku ambayo angekosa mzaha ule asingejua aweke wapi mkoba.

Jumanne mchana alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni na kuita kama kawaida, "Mama!"

"Abee," ikaitika bafuni.

Akaingia jikoni, akajimiminia maji, akanywa. Bilauri ilikuwa bado mdomoni mlango wa nyuma ulipofunguka na mama akatokea uani na beseni la nguo kavu, anahema, mluzi juu.

"Abee, daktari wangu! Nimekusikia lakini pumzi ilinikatalia. Leo umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Mbona nimesikia mtu akiitika ndani?"

Binti aliweka bilauri chini taratibu. Mlango wa bafuni ulikuwa nusu wazi, na humo ndani mlinukia nguo mbichi, ilhali nguo zote za nyumba ile zilikuwa kavu, zimekunjwa ndani ya beseni la mama yake.

"Ni redio ya jirani," akasema.

Usiniulize kwa nini alidanganya. Mwanamke anakwenda kupasuliwa shingo keshokutwa, utamwambia nini? Lakini jioni ile alijizuia kuita, na kila aliposahau na "mama" ikamponyoka, kilichoitika kwanza kilikuwa kile kingine, mara nyuma ya kabati, mara chini ya dirisha, na kila safari kilikuwa kimejifunza zaidi, mpaka kufikia wakati wa kula sauti ilikuwa ya mama yake kabisa, imekosa mluzi na kicheko tu.

Jumatano alimfuata Mzee Pumzi kwenye stoo ya mitungi ya gesi, akafunga mlango, akasema yote. Alisimulia kama mtoto aliyevunja chombo. Mzee alimsikiliza bila kumkatisha, na hilo pekee lilimtisha.

"Ulimwitaje yule fundi? Sema neno kwa neno."

"Wewe uliyelala hapo, amka. Rudi."

"Mjinga," alisema mzee kwa sauti ya chini. "Mjinga wa kupigiwa mfano. Miaka thelathini nawapeleka watu kule na kuwarudisha. Unadhani kule ni patupu? Kuna wanaokaa mlangoni, hawana majina, hawana kazi ila kusubiri. Ukiita jina, anakuja mwenye jina. Ukiita 'wewe', kila mmoja anajua umemwita yeye."

"Ni jini?"

"Wengine watakuambia jini, na bingwa wetu atakuambia hewa ilipungua kichwani. Iite utakavyo, ila umeshaiita." Akasogea karibu, akanong'ona. "Nyumbani inaitika ukimwita nani?"

"Mama."

"Kabla yake?"

"Kabla yake."

Mzee Pumzi alifumba macho. "Basi neno hilo limeshaharibika. Limekuwa lake."

"Tuahirishe upasuaji, dokta. Nakuomba."

"Bingwa anaondoka Jumamosi, anarudi baada ya miezi minne. Nimeona picha ya koo la mama yako. Miezi minne hana." Akakung'uta koti lake kwa hasira. "Kesho utakaa nje ya mstari mwekundu wa kuingilia thieta. Nitamwamsha mimi, kwa jina lake. Nikishindwa nitakuita, maana aliyeita ndiye kinayemsikiliza. Ukija, utamwita mama yako kwa jina alilopewa na wazazi wake. Hutatamka lile neno lingine. Utaweza?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Binti alikuwa na miaka ishirini na minne na hajawahi hata siku moja kumwita mama yake kwa jina. Nani kati yetu amewahi? Jina la mama ni la kujaza kwenye fomu. Alikwenda chooni, akajifungia, akajaribu kulitamka mbele ya kioo, na mdomo ukaona haya. Jina lenyewe silitaji hapa, na mpaka mwisho utaona kwa nini.

Alhamisi saa tatu asubuhi mama aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, ameketi wima, kofia ya karatasi kichwani. Alipopita mstari mwekundu akageuka.

"Usinune hivyo, utawatisha wagonjwa. Nikiamka nataka uji."

"Nitakuletea," akasema binti, akameza lile neno lililotaka kufuata.

Alisimama kwenye korido, kisogo ukutani. Alisikia mashine ya mapigo ikilia ti, ti, ti, alisikia vyuma, alisikia Dada Mkasi akicheka jambo, na saa mbili na nusu zikapita hivyo, na bingwa akatoka anavua glovu, akamwambia bila kumtazama kwamba rovu limetoka lote, safi. Kisha akamsikia Mzee Pumzi akiita jina. Mara ya kwanza. Mara ya pili, kwa nguvu zaidi. Ya tatu. Ikawa kimya, na ndani ya kimya kile sauti ya mashine ikaanza kuzama, kwa sababu mashine ile hewa ya mgonjwa ikipungua nayo hushuka sauti, ti, te, ta, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. "Daktari Kesho!" Dada Mkasi alikuwa amepauka. "Mzee anakuita, kimbia!"

Alikimbia akapita mstari mwekundu, na ndani akaona bomba la pumzi limeshatolewa kooni, na Mzee Pumzi amemkandamizia mama barakoa usoni kwa mkono mmoja na kwa mwingine anabinya ule mfuko mweusi na mfuko haubinyiki, umekuwa mgumu kama umejaa mchanga, kana kwamba kuna mtu upande wa pili anausukuma arudishe kila pumzi anayopewa, na midomo ya mama yake ilikuwa ya buluu, na kucha za buluu, na chumba kizima kilinuka nguo mbichi mpaka macho yakamwasha, na mashine ilikuwa imefika chini kabisa ambako haisemi tena ti bali inaguna, na mzee akamfokea, "Jina! Ita jina!" na jina lilikuwa pale, tayari, juu ya ulimi, amelirudia usiku kucha, lakini mkono wa mama yake ukateleza ukaanguka kando ya kitanda, ule mkono uliomnyoosha kola kila asubuhi ya shule, na ulimi wa miaka ishirini na minne ukafanya ulichozoea.

"Mama!" akapiga ukelele.

Mfuko ukalegea. Hewa ikaingia. Mashine ikapanda ngazi zake, ta, te, ti, na midomo ikarudi rangi, na mgonjwa akafumbua macho, akatazama taa, kisha akamtazama binti.

"Abee," akasema.

Dada Mkasi alipiga makofi akilia na kucheka, akamkumbatia binti akamchafua kwa damu. Bingwa alichungulia mlangoni akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu. Ni Mzee Pumzi peke yake ambaye hakushangilia. Aliuning'iniza mfuko mahali pake, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa. Na binti, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi kwa muda wa siku mbili nzima.

Siku ya tatu mama aliruhusiwa. Uji aliouagiza aliletewa, akautazama kama anayetazama kitu cha watu wengine. Kovu lilipona haraka, daktari wa wodi akasema hajawahi kuona. Mluzi ulikwisha. Mito mitatu ilitolewa kitandani, lakini hakulala chali wala ubavu. Hakulala kabisa. Binti aliamka alfajiri akamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda cha binti, mikono magotini, na aligundua jambo ambalo angeomba asilione: kifua cha mama yake kilipanda na kushuka pale tu anapotazamwa. Alipojifanya kutazama pembeni, kilitulia.

Wiki iliyofuata mama alirudi kazini. Watoto wa chekechea, ambao walizoea kumrukia shingoni, walisimama mlangoni wakakataa kuingia darasani, na mmoja akajikojolea. Mwalimu mkuu akampa likizo apumzike. Akashinda nyumbani, kwenye kiti kimoja, na ile harufu.

"Mama," binti alimwita mezani siku moja.

"Abee."

Alisubiri kile kipande kilichobaki. Hakikuja. Akajikaza, akatamka jina, lile la kwenye fomu, mara ya kwanza maishani mwake mbele ya uso wa mama yake. Uso ule haukugeuka wala haukushtuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia jina la abiria mwingine likitangazwa stendi.

Siku ya mwisho ya wiki zake nne, binti aliwahi thieta kabla ya wote kuandaa mashine. Alifunga mfuko mweusi mahali pake. Alikuwa peke yake, amechoka hadi mifupani, na kwa uchungu tu, si kwa akili, akaita lile jina. Aliliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi.

Mfuko ukajaa. Ukajaa kwa shida, kwa kuvuta, na ndani yake ukasikika mluzi mwembamba wa koo lililobanwa.

"Abee," mfuko ukasema, pumzi ikimkatalia. "Abee, daktari wangu."

Mzee Pumzi alimkuta ameukumbatia, amekaa sakafuni. Alisikiliza mara moja, akavua miwani akaifuta, akaifuta tena.

"Amekaa mlangoni," akasema. "Mahali pake pana mtu. Ile iliyo nyumbani lazima ilale, ndipo umwite huyu. Safari hii kwa jina."

"Hailali, dokta. Hailali kabisa."

"Na mimi kazi yangu ni ipi?" alijibu mzee kwa ukali ule ule wa siku ya kwanza, akafungua kabati la dawa.

Walifika nyumbani saa tisa mchana, jua linachoma. Mzee Pumzi alikuwa na bomba la sindano mfukoni mwa koti, kidole gumba juu yake. Binti alikuwa na mkoba kifuani, ameushika kwa mikono miwili kama anayebeba maji, na ndani yake, umefungwa kwa shali la mama yake, ulikuwamo ule mfuko. Njia nzima aliusikia ukipumua.

Akavua viatu mlangoni. Alikwisha kulisema jina kimoyomoyo mara mia, na safari hii ulimi wake ulilijua. Lakini kwanza ilibidi kukiita kile kingine kije karibu, na kwa hilo neno lilikuwa moja tu.

"Mama!"

"Abee," ikaitika sebuleni.

Kiti kikalia. Nyayo zikaja koridoni bila haraka, zikasimama. Kilisimama pale na gauni la mama yake la maua, kovu shingoni limebaki uzi tu. Mzee Pumzi alisalimia kwa heshima, akapiga hatua moja mbele. Hakikumtazama hata kidogo. Kilitazama mkoba, kwa muda mrefu, na kifua chake kilikuwa hakipandi wala hakishuki.

"Leo umekuja na nani?" kikauliza.

Mkobani, mluzi ukaanza.